Nyayo Katika Theluji: Wafuataji wa Puma wa Idaho

Amerika haina simba. Walakini Wazungu wa kwanza waliofika huko walimwona mnyama wa rangi ya majani makavu, mwenye mkia mrefu na mwili mwepesi, wakamwita simba, maana hawakuwa na jina jingine. Watu wa Peru walimwita puma, na jina hilo litatutosha hapa. Mtaalamu Linnaeus, katika mwaka 1771, alimpa jina la Kilatini Felis concolor. Sisi tuliopita seminarini twalifahamu upesi: paka wa rangi moja. Na kweli, hana madoa kama chui wala manyoya shingoni kama simba. Dume huwa na uzito wa kilo 60 hata 70, jike kilo 40 hata 50. Hangurumi. Anakaa peke yake, anatembea usiku, na mtu aweza kukaa miaka ishirini katika milima yake asimwone hata mara moja.

Hapa msomaji ataniuliza: mnyama asiyeonekana, watu walimwuaje kwa maelfu? Na walipokwisha kumwua kwa maelfu, mbona hawakujua habari zake? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo ni theluji. Lakini kwanza tutazame jinsi uadui ulivyoanza.

Habari moja ya zamani inatuhusu sisi Wakatoliki. Katika rasi ile kavu ya California ya kusini, ambayo leo ni nchi ya Meksiko, mapadri Wajezuiti walianza misioni zao katika mwaka 1697. Wenyeji wa huko hawakutaka kumwua puma. Waliamini kwamba anayemwua atakufa naye, tena walikuwa na sababu nyingine ya akili: puma akiua mnyama na kushiba, huacha nyama, na wale watu wenye njaa waliwatazama tai wakizunguka angani, wakaenda kuchukua mabaki. Mapadri walikuwa na ng'ombe na mbuzi wa kulinda, kwa hiyo waliona mambo kwa jicho jingine. Imeandikwa katika historia za misioni hizo kwamba Padri Juan de Ugarte, mtu mwenye nguvu nyingi, alimkuta puma njiani, akamwua kwa mawe, akampakia juu ya nyumbu wake na kumleta kijijini, ili watu waone kwamba yeye hakufa. Baadaye aliyeleta puma aliyekufa alipewa fahali. Sitawahukumu mapadri wale, maana mifugo ilikuwa chakula cha misioni nzima. Ila naona kwamba wenyeji walijua jambo moja juu ya puma ambalo wageni hawakulijua, wala hawakuwauliza.

Desturi hiyo ya kulipa kwa kila kichwa ilienea. Kadiri walowezi walivyosogea magharibi, serikali za huko zilitoa fedha kwa kila puma aliyeuawa. Upande wa mashariki wa Marekani, kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha karibu kabisa, isipokuwa huko Florida. Katika mwaka 1915 serikali ya Marekani yenyewe ilianza kuajiri wawindaji wa mshahara kwa kazi ya kuua wanyama wakali. Katika jimbo la California peke yake, toka mwaka 1907 hata 1963, zawadi zililipwa kwa puma 12,462. Hebu fikirini hesabu hiyo.

Theodore Roosevelt naye aliwinda puma katika jimbo la Colorado, mwezi wa Januari na Februari wa mwaka 1901, kabla hajawa Rais. Kundi lake liliua puma 14, na 12 kati yao aliwaua mwenyewe. Huyu ndiye Roosevelt yule aliyefika hata Lado, kando ya mto Nile, katika mwaka 1910, wakati sehemu ile ilipokuwa bado chini ya utawala wa Kongo, akitafuta kifaru mweupe. Huko Colorado alipanda farasi, lakini tumpe haki yake: aliwapima wanyama wake kwa mizani na kamba, akapeleka mafuvu kwa wataalamu. Wengine hawakupima kitu. Walikata masikio au kuchuna ngozi, wakaenda kupokea fedha.

Sasa tuje kwenye theluji. Wasomaji wa Beni na Mutwanga wanaijua kwa mbali, ile nyeupe kidogo iliyobaki juu ya vilele vya Ruwenzori. Katika milima ya Idaho, kaskazini-magharibi ya Marekani, hufunika nchi nzima miezi mingi ya mwaka. Juu ya migongo ya milima hufika kiunoni na kupita kichwa. Majani hufunikwa, na ayala (yule mnyama wa Zaburi anayetamani maji) hawezi kula huko juu. Ayala wadogo pamoja na ayala wakubwa, ambao uzito wao waweza kuwa kilo 300, hushuka wote mabondeni ambako theluji ni chache. Puma huwafuata. Kwa hiyo wakati wa baridi wanyama wote hukusanyika mahali pembamba, na kila mmoja huandika njia yake chini. Wakati wa jua puma ni kama pepo tu. Wakati wa theluji hawezi kupiga hatua moja bila kuacha ushahidi.

Lakini kuusoma ushahidi huo ni kazi ya kujifunza. Alama ya puma ni ya mviringo, ina vidole vinne, na kucha hazionekani, kwa sababu huzificha kama paka wa nyumbani. Kucha zikionekana, huyo ni mbwa au mbwa mwitu. Katika theluji ya kina mguu wa nyuma huingia katika shimo la mguu wa mbele, na mkia huchora mstari katikati. Theluji ikiyeyuka kidogo kwa jua, alama hupanuka, na mwindaji mjinga hudhani amepata dume kubwa ajabu. Alama mpya ina kingo kali na ndani yake ni laini. Ya jana imekwisha kuwa ngumu kwa baridi ya usiku. Upepo ukivuma, hata ya saa mbili zilizopita hufutika. Tena puma hupenda kupita juu ya miamba na migongo iliyofagiwa na upepo, ambapo hapana theluji. Hapo mtu hupoteza njia, naye hulazimika kuzunguka mwamba wote hata aione alama upande wa pili. Yeye mwenyewe huzama magotini kila hatua, ama huvaa viatu vipana vya fremu ya mti, vilivyosukwa kwa kamba za ngozi mfano wa ungo. Akitoka jasho na kusimama, jasho lile hugeuka barafu mwilini. Wako waliokufa hivyo.

Alama ikiwa mpya, mbwa hufunguliwa. Sisi tunawajua mbwa wa kuwinda wenye njuga shingoni. Mbwa wa kule hawana njuga, hulia wenyewe njia nzima, na mwenye mbwa hufahamu kwa sauti kama wangali wanafuata au wamemfikia mnyama. Puma ana mbio kali lakini fupi, hana pumzi ya kukimbia mbali. Hupanda msonobari, akakaa tawini akiwatazama mbwa chini. Mwindaji wa fedha alifika, akapiga risasi moja, kazi ikaisha. Angalieni jambo hili: amefuata maisha ya yule mnyama siku mbili au tatu, hatua kwa hatua, na mwisho wake ni kufunga kitabu kabla ya kukisoma.

Katika Idaho kuna bonde la mto uitwao Big Creek, mbali na barabara zote. Hapo aliishi mzee mmoja, Dave Lewis, aliyejulikana kwa jina la Dave wa Puma. Aliwinda kwa miguu pamoja na mbwa wake, na watu walimhesabia puma mamia. Alikufa katika mwaka 1936, mzee sana. Baada yake alikuwako Wilbur Wiles, mtu wa bonde lilelile, mtafuta madini aliyefuga mbwa na kuua puma wakati wa baridi kwa ajili ya zawadi. Kuvuka milima kwa siku nyingi akiwa na mfuko mgongoni lilikuwa jambo la kawaida kwake.

Katika mwaka 1964 alimjia mgeni, Maurice Hornocker. Huyo alikuwa mwanafunzi wa elimu ya wanyama, aliyewahi kusaidia ndugu wawili wa jina la Craighead kuchunguza dubu wakubwa wa Yellowstone. Alitaka kujua kweli juu ya puma: wako wangapi, wanakula nini, wanawapunguza ayala au hapana. Alikuwa ameanza kazi hiyo katika jimbo la Montana, akawatia puma alama na kuwaachilia, lakini wengi wao wakauawa na wawindaji, maana sheria haikuwalinda hata siku moja ya mwaka. Kwa hiyo alitafuta nchi isiyo na njia, akaipata Big Creek. Na alitafuta mtu anayeweza kufuata alama, akampata Wiles. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Msomi wa chuo kikuu hakuweza kufanya lolote bila mwindaji yule, na mwindaji yule alikubali kutumia ufundi wake wote ili mwisho wa safari asiue.

Kabla theluji haijaanguka walipeleka mahema na chakula kwa nyumbu, wakaviweka mahali mbalimbali kando ya mto na vijito vyake. Baridi ilipoingia, walitembea kutoka hema moja hata jingine, wakati mwingine siku nyingi bila kuona alama. Mbwa wakimpandisha puma mtini, Hornocker alimpiga kwa bunduki ya dawa ya kulaza. Dawa ikizidi, mnyama hufa. Ikipungua, huamka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mmoja wao alipaswa kupanda mti, kumfunga kamba miguuni na kumshusha polepole asianguke na kuvunjika. Mtu yuko juu ya tawi lenye barafu, mkononi ana kamba, na mbele yake paka wa kilo sitini ambaye labda amelala, labda hajalala. Chini walimpima, wakamchora namba masikioni, wakamvika ukanda wenye rangi na namba, wakakaa naye hata alipoamka na kwenda zake. Kisha walimtafuta tena. Puma mmoja aliweza kukamatwa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka. Walikwenda kwa miguu maelfu ya kilometa.

Theluji, ambayo zamani ilimsaliti puma, sasa ilimtolea ushahidi. Waliona jinsi dume na majike walivyogawana bonde, kila mmoja na nchi yake. Walikuta vilima vidogo vya theluji na majani ya msonobari, vilivyokwanguliwa kwa miguu na kutiwa mkojo. Ndiyo barua ya puma kwa mwenzake. Mwingine akifika hapo, nyayo zake zilionyesha kwamba aligeuka akapita kando. Kwa hiyo hawakupigana ovyo, kama watu walivyodhani. Puma vijana wasio na nchi walipita tu bonde lile wakaenda mbali, na hesabu ya wakubwa wenye makao haikubadilika sana. Na ayala? Waliongezeka katika miaka ileile, ingawa puma waliwala kila juma. Chakula cha wakati wa baridi ndicho kilichowawekea mpaka, kuliko meno ya puma.

Hornocker alichapisha kazi hiyo katika mwaka 1970. Wako wawindaji wa ayala waliokasirika, kwa sababu walifundishwa toka utoto kwamba kila puma aliye hai ni ayala hamsini waliopotea. Lakini hesabu ilikuwa mezani, nayo ilitoka kwa watu waliotembea kwa miguu, hawakukaa ofisini. Mwanafunzi mwingine, John Seidensticker, alifuata kazi katika bonde lilelile kwa kuwavika puma mikanda yenye redio. Nayo matokeo yakakubaliana na yale ya miguu.

Zawadi za kuua zilikuwa zimekwisha kufutwa mahali pengi. Sasa majimbo ya magharibi yalibadili na sheria pia, moja baada ya jingine: Nevada na Colorado katika mwaka 1965, Idaho yenyewe katika mwaka 1972. Puma akaacha kuhesabiwa kama mdudu wa kuangamizwa, akawa mnyama wa kuwindwa kwa ruhusa. California ilikwenda mbali zaidi: katika mwaka 1990 wananchi walipiga kura wakakataza kabisa kumwinda kwa mchezo. Huko Idaho wawindaji wangali wanamfuata katika theluji pamoja na mbwa, na wengine hupanda na kumtazama tu mtini, hupiga picha, huwafunga mbwa kamba na kurudi nyumbani.

Shamba la Dave wa Puma kando ya Big Creek aliliuza kwa mtu aitwaye Taylor. Kazi ya akina Hornocker ilipokuwa ikiendelea, Chuo Kikuu cha Idaho kililinunua kuwa kituo cha masomo. Mpaka leo hakuna barabara ya kufika huko. Wanafunzi huja kwa ndege ndogo ama kwa miguu.