"About" na "Around": Vitenzi vya Kuzurura vya Kiingereza Mbele ya Wasemaji wa Kihispania wa California

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alionya katika dibaji kwamba hakuna jambo linalowatatiza wageni wa Kiingereza kuliko desturi ya kukiwekea kitenzi kijineno nyuma yake, hata maana ikageuka kabisa. Desturi yenyewe ilikuwa ya zamani. Kiingereza cha kale kilipenda kutanguliza vijineno hivyo mbele ya kitenzi, na katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066 vikazidi kuhamia nyuma. Jina linalotumiwa na wataalamu leo, "phrasal verb", lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford.

Katika kundi hilo kubwa limo tawi moja ambalo kazi yake ni kulaumu. "Hang around" ni kukaakaa mahali bila shughuli. "Fool around" ni kufanya upuuzi wakati wa kazi. "Mess about" ni kuchezacheza na jambo lisilo na maana. "Goof off", iliyoenea miongoni mwa askari wa Marekani wakati wa vita vya 1939-1945, ni kutegea kazi. "Act up" ni utundu wa mtoto, na husemwa pia juu ya mashine inayosumbua. Nguvu ya lawama haimo katika kitenzi peke yake. "About" lilianza kwa maana ya kuwa nje, pande zote za kitu. Kisha likawa mwendo usio na mwisho maalumu. Na mwisho likawa tendo lo lote lisilo na kusudi. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa, maana lugha yake yapata maana hiyo hiyo kwa kurudia shina: kutangatanga, kurandaranda, kuzungukazunguka. Waamerika wa karne ya 19 walizidi kusema "around" mahali ambapo Waingereza walibaki na "about", lakini shughuli ya vijineno hivyo ni moja.

Si lawama ya maneno matupu. California ilitoka mikononi mwa Meksiko kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, na katiba yake ya mwaka 1849 iliagiza sheria zote zitangazwe kwa Kiingereza na Kihispania. Mwaka uliofuata baraza lilipitisha sheria juu ya Wahindi wenyeji wa nchi, ambao wengi wao, hasa upande wa kusini, walikuwa wamejifunza Kihispania katika misheni za Wafransisko zilizoanza mwaka 1769. Sheria hiyo ilisema kwamba Mhindi mwenye nguvu za kufanya kazi akionekana anazubaa na kuzurura, na hapo ndipo lilipoingia neno "about", aweza kukamatwa kwa shtaka la raia ye yote, kisha nguvu zake zikodishwe kwa mwenye kutoa bei kubwa kwa muda usiozidi miezi minne. Mjini Los Angeles waliokamatwa walinadiwa kwa wenye mashamba ya mizabibu. Yaani kitenzi ambacho mwalimu wa shule angemtolea mtoto mtoro kilikuwa hapa mlango wa kazi ya kulazimishwa, na aliyeshtakiwa ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo kuliko wote ya kubishana juu ya maana yake. Mtu anayetembea akitafuta kazi na mtu anayezurura hutumia miguu ile ile.

Mwaka 1855 ilifuata sheria nyingine juu ya wazururaji, ambayo ilitaja waziwazi watu wa damu ya Kihispania na Kihindi, tena kwa jina la matusi lililoondolewa mwaka uliofuata. Kanuni ya Adhabu ya 1872 ikamwita mzururaji kila anayekwenda huku na huko bila shughuli halali, ambako tena neno lilikuwa "about". Katiba mpya ya mwaka 1879 ililiondoa agizo la Kihispania. Kifungu cha wazururaji kilibadilishwa mwaka 1961, na kilichokirithi, kilichohusu anayezubaa au kutangatanga na kukataa kujieleza kwa polisi, kilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983 kwa sababu maneno yake hayakuwa na mpaka.

Husemwa mara nyingi kwamba Kihispania hakina kitu cha kulinganisha na vitenzi hivi. Neno hilo halina ukweli wa kutosha. "Holgazanear", kuwa mvivu, limetokana na "holgar", ambalo asili yake ya Kilatini ni kuhema kama mvukuto, pumzi ya mtu anayepumzika. Tena kipo kitenzi "andar", kutembea, ambacho Wameksiko hupenda kukiweka mbele ya kitenzi kingine: "andar jugando" ni kuwa katika kuchezacheza. Kutembea bila mwelekeo kumo humo, ila kumeshika nafasi ya mbele, ambapo Kiingereza hukutupa mkiani. Leonard Talmy alieleza mwaka 1985 jinsi Kihispania kinavyotia njia ya mwendo ndani ya kitenzi chenyewe na Kiingereza kuiacha kwa kijineno. Na Dwight Bolinger, aliyeandika mwaka 1971 kitabu mashuhuri juu ya vitenzi hivi, alikuwa mwalimu wa Kihispania kwa kazi yake. Pengine sikio lililozoea lugha isiyo na mkia ndilo lililousikia vizuri zaidi. Kosa la kamusi nyingi ni kumpa mwanafunzi "holgazanear" kwa kila kitenzi cha Kiingereza, hata kwa "hang around", ambacho chaweza kuwa hakina lawama yo yote.

Toka mwaka 1942 hadi 1964 Wameksiko waliletwa Marekani kulima kwa mapatano ya serikali mbili, na mikataba zaidi ya milioni nne ilitiwa sahihi. Mkataba uliandikwa kwa Kihispania. Karipio la shambani lilitoka kwa mdomo, mara nyingi wa mnyapara aliyejua lugha zote mbili. Hata hivyo katika mashamba mengi ya California karipio halikuhitaji kitenzi. Wafanyakazi walipewa jembe la mpini mfupi, "el cortito", lililowalazimisha kuinama siku nzima, na aliyesimama wima alionekana mara moja kutoka mbali kuwa anategea. Migongo iliharibika. Mahakama Kuu ya California iliamua juu ya jembe hilo mwaka 1975, na mwaka huo huo likapigwa marufuku.