Chogo la Tandika

Mwaka 2003 nilipanda daladala Kariakoo nikiwa nimepakata monita ya inchi 17. Konda alinitoza nauli ya watu wawili, na sikubishana naye, maana lile chogo lilikaa kiti kizima hadi Tandika. Chogo ndilo jina tulilozipa monita zile nzito zenye kisogo kirefu nyuma. Mtaa mzima ulikuja kuiangalia kana kwamba nimeleta jokofu.

Kazi ya picha nilijifunzia Temeke Mwisho, mwishoni mwa miaka ya 80, kwenye studio ya chumba kimoja. Studio za Dar es Salaam zilianzia mjini. Enzi za Mjerumani akina Vincenti na Dobbertin walikuwa wakipiga picha huko, sisi wa uswahilini tukachelewa sana kupata zetu. Fundi wangu, niliyemwita mzee ingawa hakuwa amefika miaka 40, alisafisha mwenyewe picha za nyeusi na nyeupe. Tulifanya kazi chini ya taa nyekundu, kwa sababu karatasi ya picha haiuoni mwanga mwekundu. Kioo cha kutazamia hatukuwa nacho. Tuliikodolea macho karatasi ikielea kwenye beseni la dawa, uso ukianza kujitokeza kama mtu anayekuja kutoka kwenye ukungu, na mzee akiona umekolea anaunyakua kwa koleo. Doa la negativu aliliziba kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Hiyo ndiyo ilikuwa kuediti.

Filamu za rangi tulizipeleka mjini, na hapo ndipo ugomvi na wateja ulipoanza. Kodak ilizigawia maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wa huko Marekani wakaizoea kwa jina la Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine imepimika. Sasa mlete bi harusi wa Mbagala: shela linang'aa, meno yanaonekana, uso umezama. Mzee alikuwa akimwambia mteja kwamba ni jua. Jua gani, na picha tumepiga ukumbini usiku?

Vioo vya kompyuta na televisheni navyo vilichelewa kutufikia. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni mwaka 1974, wakati Zanzibar walikuwa wameshaanza televisheni ya rangi mwaka mmoja kabla. Bara tulipata vituo vyetu vya televisheni mwaka 1994. Kwa hiyo chogo langu ndilo lililonipa nafasi ya kwanza kuusahihisha uso wa mtu kabla haujafika kwenye karatasi.

Lilikuwa na nukta 1024 kwa 768, yaani hazifiki laki 8. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikitakiwa itoke safi, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji zaidi ya milioni 2. Haikuenea. Nilikuwa naisogeza, leo jicho, kesho kidevu. Tena ilibidi niliwashe nusu saa kabla ya kuamini rangi zake, mpaka lipate moto. Lakini weusi wake ulikuwa weusi kweli, na ukilitazama kwa pembeni rangi haibadiliki.

Uzuri huo niliujua lilipokufa. Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka mno, mgao wa umeme ukatushika, na jioni moja umeme ulirudi kwa kishindo ukaondoka na chogo. Nikanunua monita flati ya bei ya chini, nyepesi, nikajiona nimeendelea. Nikikaa, bi harusi ni maji ya kunde. Nikisimama, amekuwa mweusi ti. Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi la pembeni, akaona kitu cha kijanijani. Nikaprinti hivyohivyo kadi 60. Yule mama alizirudisha kesho yake: "Kaka, huyu siye mwanangu." Nilizirudia kwa hela yangu.

Rafiki yangu wa Kinondoni, jirani na kituo kile cha daladala kiitwacho Studio, alinicheka kwanza, ndipo akanieleza: nimenunua kioo cha TN, kinachogeuza rangi ukihama, cha aina ya IPS nimekiacha dukani. Hitachi walikuwa wameshakitoa IPS tangu 1996, kusudi rangi isigeuke ukikitazama kwa upande.

Leo nina kioo cha inchi 27, 4K, nukta 3840 kwa 2160. Kila inchi ina nukta kama 163, wakati kioo cha inchi 24 cha full HD kina kama 92. Naona uzi wa lesi bila kukuza. Hata hivyo uso wa bi harusi haukunyooka kwa wingi wa nukta. Ulinyooka nilipopunguza mwanga, maana vioo vinakuja vimewashwa kupita kiasi, ukidanganyika navyo picha inatoka giza. Tena nikakiweka kwenye sRGB, kipimo cha rangi cha mwaka 1996, ambacho mashine ya ninakopeleka kuprinti inakisoma.

Ukienda Kariakoo kununua kioo, acha kumuuliza muuzaji inchi. Nenda na flashi yenye picha ya mtu unayemfahamu kwa sura, mama yako hata, pamoja na ile picha yake iliyoprintiwa. Mwambie akichomeke kioo, kaa, simama, hama upande, linganisha. Akikukatalia, vuka barabara. Maduka ni mengi.