Mfasiri wa Kibantu na Makosa ya Matini Asilia: Programu Huria

Katika historia ya tafsiri lawama humwangukia mfasiri. Sentensi ikipotoka, msomaji huamini kwamba matini asilia ilikuwa timamu, na kwamba kosa limezaliwa njiani. Historia ya kufasiri programu huria za kompyuta pamoja na miongozo yake yaonyesha mara nyingi kinyume cha hayo.

Mradi wa GNU ulitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 ukapatikana utaratibu uitwao gettext, ambao huyakusanya maneno ya programu katika faili moja, kila sentensi ya Kiingereza ikiachiwa nafasi tupu ya tafsiri chini yake. Hivyo mtu asiye mhandisi aliweza kuyasoma maneno yote ya programu, kazi ambayo hata waundaji wenyewe aghalabu hawaifanyi. Huko Afrika Kusini kikundi cha Translate.org.za kilianza mwaka 2001 kufasiri kwa lugha rasmi za nchi hiyo. Dar es Salaam nako, mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004.

Kosa ambalo lugha za Kibantu hulifichua upesi ni la sentensi iliyokatwa vipande. Mhandisi huandika kitenzi cha kufutwa mara moja tu, kisha huiachia mashine itangulize nomino yoyote. Kiingereza hakidhuriki. Kiswahili hudai upatanisho: waraka umefutwa, picha imefutwa, kitufe kimefutwa, mtumiaji amefutwa. (Faili nalo lina mgogoro wake, kwani wengine husema limefutwa na wengine imefutwa.) Mzungumzaji wa Kibukusu wa Bungoma au Kitale hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo, maana lugha yake hutenga omundu na babandu, kumusala na kimisala, na kitenzi hakina budi kufuata. Jirani yake Msabaoti wa Mlima Elgon, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti, hulitambua kosa hilo kupitia Kiswahili.

Katika miongozo makosa ni ya aina nyingine. Mwongozo humwagiza msomaji abonyeze kitufe ambacho jina lake limekwisha kubadilishwa katika programu. Mwingereza huupitia ukurasa huo kwa kukisia. Mfasiri, aliyeyafungua mafaili yote mawili mbele yake, hana pa kukisia.

Hapo ndipo hutokea njia mbili. Mfasiri hodari aweza kulikwepa kosa kwa werevu: badala ya kitenzi kilichopatanishwa akaandika "Kufutwa" na kuendelea. Msomaji hataona kitu, na tafsiri itasifiwa. Njia ya pili ni kupeleka taarifa. Utaratibu wa gettext wenyewe umeiweka njia hiyo wazi: kichwani mwa faili la tafsiri huwapo mstari wa anwani ya kupelekea makosa ya matini asilia, na kitabu cha maelezo yake hutaja waziwazi sentensi zisizo kamili, istilahi zisizoeleweka, matatizo ya wingi, hata makosa ya tahajia ya Kiingereza. Mwaka 2006 uliongezwa pia uwezo wa kuambatanisha muktadha na neno, ili "open" lenye maana ya fungua lisichanganywe na lile lenye maana ya wazi.

Njia ya pili ni ya taabu. Mhandisi aweza kujibu kwamba Kiingereza chake hakina dosari, na kwa kweli hakina, kikisomwa peke yake. Humpasa mfasiri aandike barua ya kufafanua ngeli kwa mtu asiyepata kuzisikia, nayo si sehemu ya kazi aliyokubali. Haishangazi basi kwamba werevu huvutia zaidi.

Lakini ukwepaji hubaki katika faili la Kiswahili peke yake. Siku atakapoketi mfasiri wa Kibukusu mjini Bungoma au Kitale, faili atakalolifungua ni la Kiingereza, na humo atakikuta kitenzi kile kile, kimetengwa na nomino yake, kama kilivyoachwa.