Gripu ya betri ilianza kama mota

Kamera ya mtumba ikiwa na gripu chini yake, muuzaji huisifia gripu hiyo kuliko hata lenzi: chaji inadumu siku nzima, kamera inapiga kwa kasi, na mwenyewe unaonekana uko kazini. Hilo la mwisho ni kweli. Hayo mawili ya kwanza yanategemea kamera ni ya mwaka gani, maana kifaa hiki kimebadilishiwa kazi mara kadhaa, na hapo mwanzo hakikuwa cha kutunza chaji hata kidogo.

Enzi za filamu, ukishapiga picha moja ilikubidi uvute wenzo kwa kidole gumba ili filamu isogee. Nikon walipotoa kamera ya F mwaka 1959, waliitengenezea mota ya F-36 iliyofungwa chini yake na kuvuta filamu yenyewe, picha 3 hivi kwa sekunde. Umeme ulitoka kwenye boksi la betri lililounganishwa na kamera kwa waya. Tena mota na kamera vililazimika kulinganishwa na fundi. Mota ya kamera hii hukuweza kuihamishia ile vivi hivi. Boksi la kufungwa moja kwa moja kwenye mota lilikuja baadaye, na F2 ya mwaka 1971 ikamaliza habari ya fundi.

Kwa hiyo betri zilikuwa pale kulisha mota, basi. Lakini mota ilipokwisha kukaa chini ya kamera, ilitoa kitu kingine ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichodumu: mahali pa kushika. Canon A-1 ya mwaka 1978 ilikuwa na mota iliyobeba betri 12 za AA na kupiga picha 5 kwa sekunde, nayo ilikuwa na vitufe viwili vya kupigia, kimoja kwa kamera iliyolala, kingine kwa kamera iliyosimamishwa wima. Aliyewahi kupiga picha za wima kwa saa nzima bila kitufe hicho anajua shida yake. Kiwiko cha kulia kinapanda juu ya kichwa, uzito wote unahamia mkono wa kushoto, na kamera inaanza kutikisika mapema.

Mwaka 1989 Canon EOS-1 ilikwisha kuwa na mota yake ndani. Ilipiga picha 2.5 kwa sekunde, ila ukiifungia kiongeza nguvu chenye betri 8 za AA ilifika 5.5. Nikon F5 ya mwaka 1996 ikameza yote mawili, mota na mshiko wa wima, katika mwili mmoja, na D1 ya dijitali ya mwaka 1999 ikarithi umbo hilo. Wenye uwezo wa kununua kamera za daraja hilo hawakuhitaji tena kuchagua gripu.

Waliobaki na swali ni wanunuzi wa kamera za kati. Canon D30 ya mwaka 2000 ilipewa gripu ya BG-ED3, yenye nafasi ya betri 2. Filamu ya kuvuta haikuwapo tena, hivyo kwa kamera nyingi gripu iliongeza chaji na kitufe, isiongeze kasi. Nikon walikuwa na kisa chao. D300 ya mwaka 2007 ilipiga picha 6 kwa sekunde, na D700 ya mwaka uliofuata picha 5. Zikifungiwa gripu ya MB-D10 zote mbili zilifika 8, mradi uweke ndani betri kubwa ya EN-EL4a au AA 8. Siri ilikuwa volti. Betri ya kawaida ya kamera hizo ilikuwa ya volti 7.4, ile kubwa ya volti 11.1. Ukiweka betri ya kawaida ndani ya gripu hiyo, kasi haibadiliki. Wengi walilipia gripu wakasahau betri. Mwaka 2009 Canon 7D ilipiga picha 8 kwa sekunde bila gripu yoyote.

Kamera ndogo kama Nikon D3100 hazikupewa gripu na kampuni yake, watengenezaji wengine wakaliziba pengo hilo. Kwa kuwa chini ya kamera hapakuwa na viunganishi vya kupitishia amri, gripu zao zilitoa kiwaya kifupi kilichochomekwa kwenye tundu la pembeni la rimoti. Kitufe kilipiga picha, sawa, lakini kiwaya kilining'inia nje kikikwaruza mkono.

Zilipokuja kamera zisizo na kioo, gripu ilipata sababu mpya ya kununuliwa. Sony A7 ya mwaka 2013 ilitumia betri ndogo ya mAh 1,020, na skrini iliimaliza upesi. A7 III ya mwaka 2018 ilikuja na betri ya mAh 2,280, na hoja ya chaji ikapungua nguvu. Mwaka huohuo Nikon walitangaza MB-N10 kwa ajili ya Z6 na Z7: gripu yenye betri 2, haina kitufe hata kimoja. Wapiga picha walilalamika sana. Kizazi kilichofuata, mwaka 2020, kilipata MB-N11 yenye vitufe. Sioni ushahidi bora zaidi wa kile ambacho watu hukilipia wanaponunua gripu.

Mpiga picha wa mandhari, basi, atabeba betri ya akiba mfukoni na kuokoa fedha na uzito. Wa harusi, anayemsimamisha bibi harusi wima kuanzia ukumbini hadi usiku wa manane, anunue, na ahakikishe namba ya gripu ni ya kamera yake hasa: BG-E11 ya Canon 5D Mark III ina trei ya betri za AA, BG-E20 ya Mark IV haina, na haziingiliani. Gripu nyingi za Canon zina shina linaloingia kwenye tundu la betri, kwa hiyo mlango wa tundu hung'olewa na kuhifadhiwa kwenye nafasi yake ndani ya gripu. Kwenye mtumba mlango huo mara nyingi umepotea, na bila huo kamera haiwezi kutumika siku utakayoivua gripu. Uombe uonyeshwe kabla ya kulipa.