Macho Mekundu

Mirambo, mtemi wa Urambo aliyeitikisa njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, alifariki Desemba 1884 baada ya kuugua koo. Masimulizi yanaongeza kwamba ugonjwa haukuachiwa umalize kazi yake. Alinyongwa, kama desturi ilivyotaka kwa mtemi ambaye kupona kwake kumeshindikana. Kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, mwili wa mtemi ulibeba afya ya nchi nzima: mtemi akidhoofika, mvua nazo zilihofiwa kudhoofika. Kwa hiyo alikuwepo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama mgonjwa kitandani na kuamua kwamba saa imefika.

Naanza na Mirambo kwa sababu siku hizi dalili za mzee anayekaribia mwisho tumewaachia manesi, nao wanazijua vizuri. Chakula kinapungua hadi vijiko viwili vya uji, kisha anafunga mdomo kabisa. Usingizi unameza mchana. Miguu inapoa. Mzee anaongea na mama yake aliyekufa zamani, tena kwa utulivu, kana kwamba amekaa pale kwenye kigoda. Mwishoni pumzi zinasitasita, zinakatika, zinarudi. Hayo yote ni kweli Shinyanga kama yalivyo kweli London. Tofauti iko kwa anayezisoma dalili hizo, na kwa kile anachoruhusiwa kufanya baada ya kuzisoma.

Tuchukue dalili moja tu, macho mekundu.

Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilipambana na mbung'o Shinyanga kwa kufyeka mapori. C.F.M. Swynnerton, bingwa wao wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kituo cha utafiti, na wanavijiji walitolewa kwa wingi kwenda kukata miti. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na kila kimoja kilidai ardhi zaidi. Kufikia 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uwanda mtupu. Kuni zikiadimika, mama anapikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeinamia moshi huo kwa miaka hamsini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, huzeeka na macho mekundu, yenye machozi, yasiyoona vizuri.

Macho hayohayo ndiyo yaliyokuja kuitwa ushahidi wa uchawi.

Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukuma. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mauaji haya kwa miaka mingi, anayahusisha pia na msukosuko wa kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake, walijikuta wamebanana, na mtoto akiumwa degedege jirani wa kumshuku yuko hatua ishirini. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba la mjane ambalo mtu alilitaka.

Dola ilipoingilia, iliongeza maiti. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha msako dhidi ya wauaji Mwanza na Shinyanga, na baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwao. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Tunapomkumbuka kwa uungwana wa kuwajibika, sawa, alistahili sifa. Ila tunasahau kwamba chanzo cha yote kilikuwa vikongwe waliokatwa mapanga.

Ukizipanga dalili za uzee upande mmoja na tuhuma za uchawi upande wa pili, utaona zinafanana kwa kutisha. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anatoka usiku bila nguo, anapotea, anakutwa alfajiri uani kwa mtu: ameanguka na ungo. Anaongea na wafu: anawatuma. Amefika miaka themanini huku akizika watoto na wajukuu: amekula miaka yao. Mtemi aliuawa kwa kuwa anakufa. Bibi aliuawa kwa kuwa hafi.

Dhahabu nayo ina sehemu yake. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu 1936 hadi 1966, na baadaye wachimbaji wadogo walitapakaa Nyarugusu, Rwamagasa na Bulyanhulu. Vijana wanakwenda machimboni, wanamwacha bibi na wajukuu wadogo. Anayeweza kugundua kwamba wiki hii amekula kidogo kuliko wiki iliyopita ni mtoto wa darasa la tatu. Huko machimboni biashara ya waganga imenona, maana mchimbaji asiyepata mawe mazuri anataka kuambiwa ni nani aliyemfunga. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi yenyewe ni ya 1928, enzi za mkoloni.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo katika takwimu za mauaji. Mahali ambapo kifo huulizwa kwanza "nani kamroga?", ni vigumu mwanafamilia kusema waziwazi, "Bibi anakwenda." Anayetamka hivyo anaonekana alijua mapema, na anayejua mapema anashukiwa. Basi familia inanyamaza. Inauza ng'ombe, inamzungusha mgonjwa kutoka kwa mganga hadi zahanati na kurudi kwa mganga, na siku zake za mwisho anazimalizia juu ya bodaboda. Hakuna aliyemuuliza anataka kuzikwa wapi, wala nani anamdai. Hakuna aliyeulizia morfini ya maji, ambayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa ikiitengeneza Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka Shinyanga.

Mashirika ya kutetea wazee, HelpAge likiwa mojawapo, yalipoingia Usukuma yalifanya mikutano na wapiga ramli na kufundisha sheria za mirathi. Yalileta pia majiko banifu, yenye moshi kidogo, ili macho ya bibi yasiwe mekundu.