Tenisi huanza miguuni: historia ya mchezo uliotoka klabu ukafika barabarani

KISANGANI – Katika komini zote za Kisangani, mtoto hujua kupiga mpira wa miguu kabla ya kujua kusoma. Tenisi ni habari nyingine. Wengi huihesabu kuwa mchezo wa matajiri: nguo nyeupe, raketi ya bei kali, kiwanja chenye uzio na mlinzi mlangoni. Kwa familia zilizokimbilia mjini tangu mwaka 2023, wakati ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa vita, mchezo huo unaonekana kuwa mbali zaidi. Lakini historia yake inafundisha jingine: tenisi huanza miguuni, na miguu hainunuliwi dukani.

Habari inaanza na mpira wenyewe. Zamani, wakubwa wa Ufaransa na Uingereza walicheza ndani ya kumbi zenye sakafu ngumu, kwa mpira uliojazwa nywele au matambara. Ukianguka kwenye majani, mpira wa namna hiyo haudundi. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hati ya kupika utomvu wa mpira pamoja na salfa, ukawa imara na wenye kunyumbulika. Hapo ndipo mpira wa kudunda kwenye nyasi ulipowezekana. Mwaka 1874 mwanajeshi Mwingereza, Walter Clopton Wingfield, alisajili mchezo wake wa kuchezwa nje, na mwaka 1877 mashindano ya kwanza yakafanyika Wimbledon.

Kiswahili kina neno moja, mpira, kwa kitu cha kuchezea na kwa utomvu kinakotoka. Congo ina sababu ya kulikumbuka neno hilo. Tairi za baiskeli na za magari zilipoongeza njaa ya utomvu huko Ulaya, watu wa misitu hii walilazimishwa kuuvuna kwa bunduki na kiboko. Ilikuwa wakati wa utawala wa Mfalme Leopold II, kati ya 1885 na 1908. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa, na vijiji vizima vilihamia porini. Kukimbia makwao hakukuanza leo katika sehemu hii ya inchi.

Tenisi yenyewe ilifika Afrika pamoja na wakoloni na klabu zao. Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa hadi 1966, ilikuwa na mtaa wa wazungu na mitaa ya weusi. Katika miji mingi ya kikoloni, Mwafrika aliingia kiwanja cha tenisi kama mfanyakazi tu: kusawazisha udongo, kuchora mistari, kuokota mipira. Hapo ndipo wazo la «mchezo wa wengine» lilipopata mizizi.

Hata hivyo, mafundi wa mchezo huu walijengwa kwa vitu vidogo. Suzanne Lenglen, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1899, alifundishwa na baba yake kwa kulenga kitambaa cha mkononi kilichotandikwa kiwanjani. Wakati wanawake wengi walicheza na gauni refu lililofunga hatua, yeye alivaa sketi fupi zaidi, akakimbia na kuruka. Alishinda Wimbledon mara 6.

Althea Gibson alizaliwa mwaka 1927 katika familia ya wakulima wa pamba huko South Carolina. Maisha yalipokuwa magumu, familia ilihamia New York, mtaa wa Harlem. Huko alianza kwa kibao na mpira, kwenye barabara iliyofungwa ili watoto wacheze. Mwaka 1957 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda mashindano ya mchezaji mmoja mmoja Wimbledon.

Afrika nayo ina wake. Mwaka 1971 bingwa Mmarekani Arthur Ashe alipita Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto aitwaye Yannick Noah. Alipeleka habari zake kwa wakuu wa tenisi Ufaransa, na mwaka 1983 Noah akashinda mashindano ya Roland-Garros, Paris. Karibu zaidi na hapa, Angella Okutoyi wa Nairobi, aliyelelewa na bibi yake baada ya kufiwa na mama, alishinda Wimbledon ya vijana mwaka 2022, katika mchezo wa wasichana wawili wawili. Mwaka 2024 alipata dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra.

Mafundi hao hawakutofautiana na wengine kwa nguvu ya mkono peke yake. Mpira wa tenisi hudunda, hupanda, hufika juu, kisha hushuka. Anayefika mapema huchagua wapi pa kuupiga. Anayechelewa huchaguliwa na mpira. Ndiyo maana makocha hufundisha kuruka kidogo sana, karibu kama kukanyaga tu, wakati mpinzani anapopiga. Miguu yote miwili hutua pamoja, magoti yakiwa yamelegea, na mwili uko tayari kwenda kushoto au kulia. Baada ya hapo hatua huwa fupi na za haraka kadiri mpira unavyokaribia, na baada ya kupiga, mchezaji hurudi mahali pa kungojea.

Mwaka 1974 kocha Mmarekani Timothy Gallwey alitoa kitabu chenye zoezi rahisi la kujua wakati: mchezaji hutamka neno mpira unapogusa chini, na neno jingine unapogusa raketi. Kwa Kiswahili ni «dunda» na «piga». Akili huacha kuogopa kukosea, jicho hufuata mpira, na mkono hupata wakati wake.

Zoezi hilo linawezekana kwenye uwanja wa shule au nyuma ya kanisa: mstari wa mkaa badala ya wavu, kibao badala ya raketi, watu wawili na mpira mmoja. Mmoja arushe, mwingine aruke kidogo, aseme «dunda», apige kwa utaratibu. Dakika 10 zinatosha kwa kuanza, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Katika muji ambako wavuvi Wagenya hutembea juu ya miti iliyofungwa penye maji makali, hakuna haja ya kueleza sana kwamba mguu lazima uwe umefika kabla mkono haujafanya kazi. Uzio wa klabu bado upo. Lakini mtoto aliyeacha kila kitu kijijini kwao alikuja Kisangani na miguu yake, na tenisi huanzia hapo.