Mto Rwizi na Kazi za Mikono: Kutoka Buhweju hadi Nakivale

Historia ya Ankole tunayosoma darasani ni historia ya wafalme na ng'ombe. Tunamjua Omugabe, tunaijua ngoma ya Bagyendanwa, tunajua mkataba na Waingereza wa 1901 na kufutwa kwa falme mwaka 1967. Katika insha hii nitaufuata mto, kwa sababu kandokando yake na katika vilima vyake ndipo walipokuwa mafundi, na kwa sababu maji yake yanafika kwetu Nakivale.

Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita Mbarara na hapa Ruti, kisha hulisha maziwa madogo yakiwemo Mburo na Nakivale (nasema maziwa ya maji, ingawa Ankole mtu husikia kwanza yale ya kunywa).

Buhweju ilisifika kwa wahunzi. Waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, visu na mikuki. Mabondeni palikuwa na udongo wa kufinyangia vyungu. Lakini kazi ninayoistaajabia zaidi ni ya wachongaji wa ekyanzi, chombo cha maziwa kilichochongwa kutoka gogo moja, shingo nyembamba, ndani kimefukizwa moshi ili maziwa yanukie vizuri. John Roscoe, mmisionari Mwingereza, aliandika habari za ufundi wa Ankole katika kitabu chake cha 1923. Wachongaji kwa kawaida walikuwa Wairu, watu wa jembe. Waliovihitaji zaidi vyombo vyao ni Wahima wafugaji. Kwa hiyo hata utajiri wa ng'ombe, ambao ndio unaojaza vitabu, ulishikwa na mkono wa fundi asiye na kundi la ng'ombe. Siku hizi maziwa husafirishwa kwa makopo ya chuma, na ekyanzi huonekana zaidi katika sherehe za kuhingira, bibi arusi anapoagwa kwao.

Kazi ya mikono ya Ruti leo ni matofali. Vijana huchimba udongo karibu na mto, huukanyaga kwa maji, huujaza kwenye kalibu, huanika, kisha hupanga tanuri na kulichoma kwa magogo ya mikaratusi. Miongoni mwao nimewakuta Wakongo na Warundi kutoka kambini, tukaongea Kiswahili. Mbarara ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na jiji linataka kuta.

Mashimo hubaki wazi. Mvua ikinyesha, udongo huingia mtoni, na mto huupeleka ziwani. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakiwa wa kwanza. Maji ya mabomba yetu husukumwa kutoka ziwa hilohilo, na wavuvi hutegemea ngege na kambare wake. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Ramsar, lakini orodha haizuii tope.

Wengine humlaumu mfyatuaji peke yake. Mimi sikubali. Mwenye ghorofa hununua tofali bila kuuliza limechimbwa wapi, na kijana wa kambini hulipwa kwa hesabu ya matofali, kisha jioni hupanda gari kurudi Nakivale, ambako mama yake amepanga foleni ya madumu bombani.